Zenit-E kwa anayeanza: kupakia filamu, kupima mwanga na kupiga picha

Maswali ni yale yale kila mara. Betri inaingia wapi? Mbona nikitazama ndani ya kamera kunakuwa giza? Kwa nini filamu nzima imerudi haina hata picha moja? Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyerithi, uliyenunua au uliyezawadiwa kamera ya Kisovieti na hujui uanzie wapi. Nitaeleza Zenit-E yenye lenzi ya Helios 44-2, kwa sababu ndiyo inayoangukia mikononi mwa wengi. Ilianza kutengenezwa mwaka 1965 katika kiwanda cha KMZ mjini Krasnogorsk, karibu na Moscow, na zilitoka kwa mamilioni. Wenye Zorki au FED, kamera nyingine za Kisovieti, wana sehemu yao huko mbele. Wasiiruke, maana kamera hizo zina miiko ambayo Zenit haina.

Betri haiingii popote. Kamera hii haihitaji betri hata kidogo. Ukiacha kipima mwanga, kila kitu kinaendeshwa na springi, gia na vidole vyako, na hakuna taa wala mlio wa kukuonya ukikosea. Kwa hiyo jambo kubwa la kujifunza ni mpangilio: kufanya mambo yale yale, kwa mfuatano ule ule, kila unapopiga.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamera na lenzi yake, pamoja na kifuniko cha lenzi.
- Filamu ya milimita 35 ya picha 36. Kwa mara ya kwanza chukua ya negativu (ambayo mwanga na giza hutoka vimegeuzwa kwenye filamu), ISO 200 au 400. ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga. Filamu za slaidi ziache kwanza, hazisamehe kosa la mwanga.
- Brashi laini na kipulizio cha mpira cha kutolea vumbi.
- Tochi.
- Programu ya kupima mwanga kwenye simu. Kipima mwanga cha kamera kinaweza kuwa kimechoka.
- Daftari dogo na kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwanga uliotumia kwenye picha ya saba hutaukumbuka wiki mbili baadaye.

Kagua kamera kabla ya kuweka filamu

Usiweke filamu kwenye kamera usiyoijua. Dakika kumi za ukaguzi zitaokoa picha 36.

Fungua mgongo wa kamera kwa komeo lililo ubavuni, upande wa kushoto. Fungua lenzi kwa kuizungusha kinyume na saa mpaka itoke. Vuta wenzo wa filamu, huku ukitazama ndani kutoka nyuma elekeza kamera kwenye dirisha lenye mwanga, kisha bonyeza kitufe cha kupigia. Rudia kwa kila kasi: 30, 60, 125, 250 na 500 (30 maana yake sehemu moja ya thelathini ya sekunde). Kwenye 30 utaona wazi dirisha la mstatili likifunguka lote. Kwenye 500 ni mmweko tu, lakini mmweko huo lazima ufike pande zote mbili. Ukiona upande mmoja unabaki mweusi, mapazia yanayoifungulia filamu mwanga yamechoka, na picha zako zitatoka na ukanda wa giza.

Kisha nenda kwenye chumba chenye giza, washa tochi na uiweke mbele ya mapazia, upande wa lenzi, huku umeinua kioo cha ndani kilicho mbele ya mapazia polepole kwa ncha ya kidole. Shika kioo pembeni tu, usiguse uso wake. Tazama kutoka nyuma. Mapazia ni kitambaa chenye mpira, na mpira wa miaka hamsini hupasuka. Tundu dogo kama ncha ya sindano litaonekana kama nyota, na nyota hiyo itatokea kwenye kila picha utakayopiga.

Mwisho zungusha pete ya fokasi ya lenzi kutoka mwisho hadi mwisho. Ikiwa nzito, grisi imekauka. Bado utaweza kuitumia, lakini usiilazimishe kwa nguvu, kwa sababu unaweza kuanza kuifungua lenzi nzima bila kujua.

Hatua kwa hatua

1. Kaa mahali penye kivuli. Usipakie wala kutoa filamu juani. Kama hakuna kivuli, geuka ulipe jua mgongo na ufanye kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe.

2. Weka kaseti ya filamu upande wa kushoto. Inua kwanza kishikio cha kurudishia filamu, ingiza kaseti, kisha kishushe mpaka uma wake uingie kwenye kitovu cha kaseti. Kikikataa kushuka, kizungushe kidogo huku na huku.

3. Funga ncha ya filamu kwenye roda ya kulia. Hapa ndipo filamu nyingi za wanaoanza hufia, kwa hiyo twende polepole. Vuta ncha ya filamu hadi upande wa kulia, uichomeke chini ya kibanio cha roda mpaka ishike. Hakikisha imenyooka, haikupanda wala kushuka upande mmoja. Sasa vuta wenzo huku kidole gumba kikiilaza filamu chini, ubonyeze kitufe, uvute tena. Tazama matundu ya pembeni: meno ya gia yaingie kwenye matundu ya juu na ya chini, pande zote mbili. Nataka uone roda imezungukwa na filamu angalau mzunguko mmoja kamili kabla ya kufunga mgongo. Wengi huogopa kupoteza picha moja ya mwanzo, wakafunga mapema, wakapoteza zote.

4. Funga mgongo, kisha kaza filamu. Zungusha kishikio cha kurudishia taratibu kufuata mshale wake, mpaka usikie kinakataa. Acha hapo hapo. Umeondoa ulegevu uliokuwa ndani ya kaseti.

5. Piga mbili za bure, ukitazama kishikio. Vuta wenzo, piga. Vuta, piga. Kila unapovuta, kishikio cha kurudishia upande wa kushoto lazima kizunguke chenyewe, kinyume na mshale. Hiyo ndiyo ishara pekee utakayopewa kwamba filamu inatembea. Kihesabu picha si ushahidi, kwa sababu kinahesabu mivuto ya wenzo, si filamu. Filamu yangu ya kwanza kihesabu kilifika 36 vizuri kabisa, nami nikazirudisha picha za siku nzima ya harusi ambazo hazikuwahi kupigwa. Filamu ilikuwa imechomoka kwenye roda tangu asubuhi. Tangu siku hiyo macho yangu huenda kwenye kishikio kila ninapovuta, hata kwenye picha ya thelathini.

6. Rudisha kihesabu kwenye sifuri. Zenit-E haijirudishi yenyewe. Zungusha kisahani kilicho juu ya wenzo mpaka 0 ikae kwenye alama.

7. Weka namba ya filamu kwenye kipima mwanga. Kamera nyingi zimeandikwa GOST, kipimo cha Kisovieti ambacho namba zake ni ndogo kidogo kuliko za ISO. ISO 100 ni karibu na GOST 90, ISO 200 karibu na 180, na ISO 400 karibu na 350. Kama namba yako haipo, weka katikati ya zile mbili zinazoizunguka.

8. Pima mwanga. Kile kioo chenye vijivimbe juu ya lenzi ni seli ya seleni. Mwanga ukiipiga, inazalisha umeme wake yenyewe na sindano iliyo kwenye dirisha dogo juu ya kamera inasogea. Zungusha kisahani mpaka kijiduara kikutane na sindano, kisha soma: kila kasi imesimama mkabala na apacha yake, yaani ukubwa wa tundu la lenzi (f/8, f/11 na kadhalika; namba ndogo ni tundu kubwa). Chagua jozi moja na uihamishie kwa mkono kwenye kamera na kwenye lenzi, kwa sababu kipima mwanga hakijaunganishwa na chochote. Unapopima, inamisha kamera kidogo kuelekea ardhini. Anga ikijaa kwenye seli, sindano itadanganywa na watu wako watatoka weusi.

Linganisha kwanza na programu ya simu. Seleni huchoka kwa miaka, na ikichoka sindano hulala chini au husoma mwanga hafifu kuliko ulivyo. Ikiwa imekufa, usihuzunike. Kwa filamu ya ISO 200 weka kasi 250 uiache hapo, halafu fuata anga:

- Jua kali, vivuli vyenye kingo kali: f/16
- Wingu jepesi, vivuli laini: f/11
- Wingu zito, vivuli havionekani vizuri: f/8
- Anga nzito ya mvua, hakuna kivuli: f/5.6
- Kivulini siku ya jua: f/4

Kwa ISO 400 tumia apacha hizo hizo kwa kasi 500, na kwa ISO 100 kwa kasi 125. Ukisitasita kati ya namba mbili, chagua ile inayoingiza mwanga zaidi. Negativu huvumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua.

9. Vuta wenzo kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Fanya hivi kila mara, na usiuachie wenzo katikati. Uvute hadi mwisho kwa mwendo mmoja, kisha uusindikize urudi. Ukiuachia ujirudie kwa kishindo, unaumiza springi.

10. Fungua apacha, lenga, funga apacha. Helios 44-2 ina pete mbili za apacha, nazo huwachanganya watu wote. Moja inagota unapoizungusha: hiyo ni ya kuweka kikomo. Ya pili huteleza bila kugota: hiyo ndiyo inayofungua na kufunga tundu lenyewe. Tuseme umepima f/8. Weka pete ya kikomo kwenye 8. Sasa telezesha ile ya pili hadi f/2, na kitundu cha kutazamia kinajaa mwanga. Zungusha fokasi mpaka kitu unachokitaka kikate vizuri. Kama ni mtu, lenga kope za jicho lililo karibu nawe. Halafu, bila kuondoa jicho, telezesha pete hiyo upande wa pili mpaka ikatae. Imekataa kwenye 8 kamili, hukuhitaji kuangalia namba. Kitundu kimekuwa cheusi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ukisahau kufunga, unapiga kwa f/2 badala ya f/8. Hizo ni hatua nne za apacha, yaani mwanga mara 16 ya ule uliokusudia. Ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye lenzi hii. Dawa yake nimeiona moja tu: giza kwenye kitundu liwe ndilo ruhusa yako ya kupiga. Kukiwa na mwanga mwingi machoni, bado hujawa tayari.

11. Panga picha, lakini acha nafasi pembeni. Unachokiona ni eneo la milimita 20 kwa 28, wakati filamu inachukua 24 kwa 36. Vitu vilivyo nje kidogo ya unachokiona vitaingia kwenye picha, pamoja na yule jamaa uliyedhani umemkata.

12. Bonyeza polepole. Kitufe cha Zenit kina safari ndefu na kigumu kidogo. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi, kisha shusha kidole bila kukichoma. Kwa mkono mtupu usishuke chini ya kasi 60. Kwenye 30 egemea ukuta au tumia stendi ya miguu mitatu. Kasi ya chini zaidi haipo, ila ile B, ambayo shata (yale mapazia) inabaki wazi muda wote umebonyeza. Flashi nayo hufanya kazi kwenye 30 tu. Ukipiga kwa kasi zaidi, nusu ya picha itakuwa nyeusi.

13. Rudisha filamu kabla ya kufungua mgongo. Wenzo ukikataa karibu na picha ya 36, acha. Usiulazimishe, utakata filamu au kuichomoa kutoka kwenye kaseti. Bonyeza na ushikilie kitufe kidogo cha kuachilia filamu kilicho juu ya kamera jirani na kitufe cha kupigia, inua kishikio, kisha zungusha kufuata mshale. Fanya taratibu. Utahisi uzito, halafu ghafla wepesi: ncha imetoka kwenye roda. Ongeza mizunguko miwili mitatu, ndipo ufungue mgongo, tena kivulini. Ipeleke filamu ikasafishwe mapema.

Mfuatano wa kukariri, basi, ni huu: pima, vuta, fungua, lenga, funga, piga. Usemee moyoni kwa filamu mbili za kwanza. Ya tatu vidole vitasema vyenyewe.

Kama una Zorki au FED

Kanuni za mwanga ni zile zile, lakini sikiliza haya matatu.

Kwanza, kwenye Zorki-4 na jamaa zake kuvuta kabla ya kubadilisha kasi si tabia njema tu, ni sharti. Ukizungusha kisahani cha kasi shata ikiwa haijavutwa, unaweza kuharibu mashine ya ndani. Ukinunua kwa mtu aliyekuwa "anajaribu jaribu" visahani dukani, ikague mara mbili.

Pili, kamera hizi hazina kioo cha ndani. Kati ya lenzi na pazia hakuna kitu. Ukiilaza kamera uso juu kwenye jua la mchana bila kifuniko, lenzi inakusanya jua kwenye kitambaa kama lenzi ya kuwashia moto, na pazia linatobolewa. Hapo hapo pia ndipo unaposahau kutoa kifuniko, kwa kuwa kitundu cha kutazamia hakipiti kwenye lenzi. Utaona vizuri kabisa huku filamu ikipokea giza.

Tatu, usiazimishane lenzi ovyo. Lenzi za Zorki na FED zina skrubu ya milimita 39, na Zenit za zamani zaidi nazo zina milimita 39. Zinaingia vizuri na kukaza vizuri, lakini umbali wa kutoka lenzi hadi filamu ni tofauti: milimita 28.8 kwa Zorki na FED, 45.2 kwa Zenit. Lenzi ya Jupiter-8 ya Zorki ukiifunga kwenye Zenit italenga vitu vya karibu sana tu, mlima hautaupata kamwe. Zenit-E nyingi zina skrubu ya milimita 42 na zinapokea lenzi yoyote ya M42.

Picha zikirudi na kasoro

Omba negativu zako kila mara, usipokee picha za kwenye simu peke yake. Ugonjwa husomwa kwenye negativu.

*Filamu yote iko wazi, lakini namba za pembeni zinaonekana.* Usafishaji ulikuwa sawa. Ama filamu haikutembea (rudi hatua ya 3 na 5), ama shata haifunguki. Kama hata namba za pembeni hazipo, kosa liko kwenye dawa za kusafishia, si kwako.

*Negativu nyeusi mno, picha zimefifia.* Ulisahau kufunga apacha, au mapazia yamezidi uvivu. Kama ni baadhi ya picha tu, ni kusahau.

*Negativu nyembamba, picha nyeusi zenye chenga.* Ulipima anga, au namba ya filamu uliyoweka ni ya juu kuliko ISO halisi.

*Ukanda wa giza upande mmoja wa picha, hasa kwenye 500.* Pazia moja linalifikia lingine njiani. Tumia 125 kushuka chini mpaka fundi aisafishe na kuirekebisha.

*Kidoa cheupe mahali pale pale kwenye kila picha.* Tundu kwenye pazia. Fundi anaweza kuziba kwa mpira mweusi wa maji, kwa brashi nyembamba sana. Usimwage gundi mwenyewe.

*Miale ya rangi ya chungwa kutoka pembeni.* Mwanga unapenya kwenye mgongo. Ili kujua ni wapi, bandika utepe mweusi kuzunguka kingo za mgongo kwa filamu moja, uone kama miale imekwisha.

*Mikwaruzo mirefu inayofuata filamu.* Mchanga kwenye sahani ya kukandamizia filamu au mdomoni mwa kaseti. Piga brashi ndani ya kamera kabla ya kila filamu.

*Nafasi kati ya picha hazilingani.* Zenit nyingi ndivyo zilivyo. Ni tatizo pale tu picha zinapopandana, na hapo gia inateleza.

*Kitufe hakishuki.* Vuta wenzo tena, huenda haukufika mwisho. Ukiwa umefika na bado hakishuki, filamu imekwisha au kuna kitu kimekwama. Usitumie nguvu.

*Filamu imekatika au imechomoka kwenye kaseti.* Usifungue mgongo kwenye mwanga hata kwa nukta moja. Ingia chumba chenye giza totoro, ambamo baada ya dakika tano bado huoni mkono wako. Fungua, toa filamu kwa kushika kingo zake, ikunje taratibu, uitie kwenye kopo jeusi la plastiki na ufunike. Mwambie anayesafisha kwamba filamu iko nje ya kaseti, asije akalifungua kopo hilo mezani.